Gari Halikatai

Gari halikatai. Mtu ndiye hukataa. Gari likishindwa kuwaka kuna kitu kimekosekana, na wajuao husema ukikitafuta bila hasira utakipata. Mimi nilikitafuta nikiwa na hasira, na nikakipata vilevile.

Tulikaa nyumba za kampuni ya chai, nje kidogo ya Kericho, mume wangu karani kiwandani, mimi mwalimu wa shule ya msingi. Kigari chetu cha Kiingereza tulikinunua kwa mishahara yetu sote wawili, lakini yeye alikiita "gari yangu", na leseni yangu ya udereva aliiita kiburi. Mama yangu, mjane, aliishi karibu na Silibwet, na mwaka ule kifua kilikuwa kimemshika vibaya. Nilitaka kwenda kumwona kila Jumapili. Mume wangu hakutaka. Alimchukia mama kwa sababu ndiye aliyeuza ng'ombe ili niende chuo cha ualimu, na alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba nilisomeshwa ili nije kumdharau mwanamume.

Hakunikataza kwenda. Angenikataza, ningejua la kumjibu. Ila kila Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimeshafunga unga na sukari ya mama, gari halikuwaka. Alipiga stata, injini ikazunguka weee, basi. Akashuka, akafungua boneti, akapangusa hapa na pale, akaulaumu ukungu.

"Imekataa," alisema.

Majirani walikuja na nguo zao za kanisani. Shemasi wetu, mzee aliyehamia huku kutoka Kisii, alivua koti akasukuma pamoja na wenzake hadi chini mtoni, matope yakamfika magotini. Mume wangu alikaa kwenye usukani akiwahimiza. Halikuwaka. Wakalisukuma tena kulipandisha mlima. Shemasi alikuja kunipa pole huku akihema, akasema hii gari imekataa kabisa, tuiombee. Jumatatu asubuhi, kwenye ukungu uleule, liliwaka mara moja na kumpeleka bwana kazini.

Baba yangu, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa dereva wa lori la magogo Londiani, na nilipokuwa msichana alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika. Ukinyonga ufunguo pakawa kimya, au pakalia tik huku taa zikififia, shida iko kwenye betri. Angalia vichwa vyake. Vikiwa vimeota unga mweupe, mwagia maji moto, sugua, kaza nyaya. Lakini stata ikiizungusha injini kwa nguvu na injini haishiki, iache betri, tafuta petroli au moto wa plagi. Letu lilikuwa likizunguka kwa nguvu.

Basi Jumapili moja lilipokataa tena, mume wangu akaenda zake kunywa chai kwa jirani, nilifungua boneti mwenyewe. Petroli ilikuwepo, harufu yake ilinipanda puani. Nilimwomba mke wa shemasi anyonge ufunguo huku mimi nimeshika waya wa plagi karibu na chuma. Hakukuwa na cheche hata moja. Nikafungua kifuniko cha distributa, pale nyaya zote za plagi zinapokutana, nikiwa na kitambaa kikavu mkononi, maana kwetu unyevu huingia humo na kuzima moto. Ndani kulikuwa kukavu. Ila pale katikati, mahali pa kile kidude kidogo kinachozunguka na kuzigawia plagi moto, kile mafundi wanachokiita rota, palikuwa patupu.

Rota haianguki yenyewe. Nilirudi ndani, nikapapasa koti lake la kanisani lililoning'inia nyuma ya mlango. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni mwake.

Nilimfikiria mama akiitazama njia, na yule mzee wa watu ndani ya matope, nikatamani kulichoma koti lile moto. Niliirudisha rota mfukoni. Siku iliyofuata, baada ya masomo, nilishuka mjini hadi duka la spea. Muuzaji aliuliza kama ile ya zamani imechakaa. Nikamwambia imehama nyumba. Yangu niliificha ndani ya donge la sufi nililokuwa nikifumia sweta, mahali ambapo mkono wa mume wangu usingefika hata kwa bahati mbaya.

Jumamosi ya wiki ileile asubuhi binamu yangu alifika na habari kwamba mama anapumua kwa shida na ananiita. Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, koti lile begani. Alimsikia vizuri. Akasema pole, lakini gari alikuwa amelijaribu alfajiri na lilikuwa limekataa. Hata sauti hakuibadilisha. Nimewahi kuchukia watu wengine maishani, lakini si namna ile.

Nilileta sufi yangu. Nikafungua boneti mbele yake, nikaweka rota mahali pake, nikafunga kifuniko, nikapiga stata. Liliwaka kabla sijauachia ufunguo. Shemasi alikuwa kwenye ua wake, akasimama kuangalia. Mume wangu alitia mkono mfukoni mwa koti, akaipapasa ile yake, aliyoitoa tangu jana kwa ajili ya Jumapili, ikiwa bado imo.

"Umefanya nini hapo?" aliuliza.

"Muulize shemasi alisukuma nini," nilimjibu, nikaondoka na binamu yangu.

Nilimkuta mama hai, amelala kwa ubavu karibu na moto, amekonda. Alinishika mkono muda mrefu. Kisha akatazama nyuma yangu mlangoni, akauliza mume wangu yuko wapi.

"Amekataa," nikasema. Kwa lugha yetu ya nyumbani pia, neno hilo ndilo tunalolitumia kwa gari.

Mama alikohoa, akangoja kifua kitulie.

"Basi usimsukume," akasema.