Kaka yangu aliniomba nimpime uvimbe wa shavuni, nikamfanyia mzaha

Wakuu, hamjambo. Nawaandikia kutoka Embu. Nitakayosema yamenitokea mimi mwenyewe, na sijatia chumvi.

Kazi yangu ni kupima watu kwa ultrasound katika hospitali moja hapa mjini. Si daktari, ingawa kwetu wananiita hivyo na nimechoka kukanusha.

Kwetu ni mji wa Maua. Kaka yangu mkubwa, tumwite Salim, ana bucha pale. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha.

Sasa, Salim ni mtu wa miraa.

Kwa wasiojua: mtafunaji hamezi yote. Anaweka donge shavuni upande mmoja na kulinyonya masaa. Maua ukiona mwanaume shavu limetuna, hata hugeuki. Shavu la kushoto la kaka yangu limetuna tangu nikiwa shule ya msingi. Mazoea yana taabu.

Mwaka jana shemeji, yaani mke wa Salim, akanipigia simu.

"Daktari, huyu ndugu yako hata akitema miraa, shavu halishuki."

Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni kitu kigumu tu kwa ndani, kadiri ya punje ya maharagwe. Nikamwambia asukutue na maji ya chumvi. Kwa simu, wakuu, bila hata kuona.

Wiki chache baadaye Salim akapita Embu akitoka Kiambere kununua ng'ombe. Akanikuta kazini, kina mama wajawazito wamejaa kwenye benchi. Akachungulia mlangoni.

"Si unipime hii kitu na hiyo mashine yako. Dakika moja tu."

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Hii ni ya kupima mimba, bro. Ama uko na ball?"

Kina mama wakacheka. Salim naye akacheka, tena akajishika tumbo. Nikamwandikia jina la antibiotic kwenye karatasi, akaenda zake.

Hapa nikiri jambo. Nilijua kabisa kwamba ultrasound inaweza kuangalia uvimbe wa mdomoni. Tulifundishwa chuoni. Mgonjwa anashika maji mdomoni ili shavu liachane na fizi, unapitisha probe, kile kichwa cha mashine, kwa nje. Unaona kama ni kifuko cha maji au ni nyama, umeingia ndani kiasi gani, na kama damu inapita humo. Haikuambii kwamba ni saratani, hiyo ni kazi ya biopsy, yaani kukata kipande kikapimwe maabara. Lakini inakuambia usikae tu.

Sikuwa nimewahi kuifanya. Hakuna aliyewahi kuletwa na shida hiyo, na niliona aibu kubabaika mbele za watu. Hiyo ndiyo sababu, wala si foleni.

Miezi mitano ikapita. Safari hii shemeji hakupiga simu, alimleta mwenyewe. Salim alikuwa hafungui mdomo vizuri hata kwa kijiko. Yale maji ya kupimia aliyavuta kwa mrija.

Uvimbe ulikuwa mweusi kwenye skrini, kingo zake hazieleweki, damu inapita ndani kwa wingi. Shingoni tezi mbili zilikuwa zimeshavimba. Shemeji akaniangalia usoni, akaanza kulia kabla sijasema neno.

Biopsy ikasema ni saratani. Upasuaji ulichukua sehemu ya shavu na kipande cha taya, ikafuata mionzi.

Tafadhali msianze kesi ya miraa kwenye comments. Daktari hakuitaja kuwa chanzo, na Salim alivuta sigara pia. Mimi ninachojua ni kwamba nililizoea lile shavu, basi.

Salim yuko hai, alhamdulillahi. Bucha sasa anaiendesha shemeji. Zamani kaka akiita wateja, stage nzima ya matatu ilimsikia. Siku hizi maneno hayatoki sawasawa, watu wanamwomba arudie, kwa hiyo ameacha kuongea nao. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Somo langu ni fupi. Uvimbe mdomoni ukizidi wiki mbili, hata kama hauumi, nenda uonwe, na uulize kama ultrasound inaweza kusaidia. Na ninyi wenzangu wa kazi hii, ndugu akikuomba umpime, mpime. Mzaha utaufanya baadaye.

Mwezi uliopita nilienda Maua kumtazama. Tulikuwa tumekaa sebuleni, akaandika kitu kwenye simu yake, akanipa nisome:

"Ile siku nilikuja kwako, ungenipima ningebaki na mdomo wangu?"

Nikamwambia, "Hapana, kaka. Ingekuwa vilevile tu."

Akashusha pumzi, akanipiga begani, kisha akaandika tena: "Basi usijilaumu."

Wakuu, nilimdanganya. Wakati ule ilikuwa punje ya maharagwe. Kwa ninavyojua kazi yangu, wangeitoa mapema, na leo angekuwa bucha anaita wateja.

Sasa nishaurini. Nimwambie ukweli mtu aliyenisomesha, au nimwachie hiyo amani yake? Nitasoma kila jibu, hata la matusi.