Sinia la Wakaguzi

Semeni binti Mshamu, msuka mikeka wa Mahege, alikwenda kukagua kituo cha yatima akiwa amefunga. Ilikuwa Alhamisi, siku ya sunna, lakini asikudanganye mtu kwamba ni uchamungu mtupu. Alifunga ili asile.

Maana mwaka uliotangulia, wa tisini na tatu, alikula. Siku hizo kila mwenye mhuri alikuwa akifungua shirika, na kamati ya wanakijiji watano, Semeni akiwamo, iliundwa iyatazame mashirika hayo. Jicho gani hilo! Siku ya ukaguzi aliipanga mkurugenzi wa kituo, ripoti aliiandika mkurugenzi, pilau aliipika mkurugenzi. Na huku kwetu, ukishakula cha mtu, huinuki kumsema ungali na mafuta midomoni. Semeni akatia sahihi. Dada yake alipofariki, mjukuu wa marehemu, Shamsia, akakosa wa kumlea, na ni Semeni aliyewaambia ndugu, "Mpelekeni, pale nimepaona kwa macho yangu."

Hakuwa ameona kitu. Aliona sinia.

Safari hii sinia lilipotua barazani, aliomba radhi kwa ajili ya funga yake, akazunguka nyuma. Wenzake walikuwa wanatafuna, hakuna aliyemfuata. Alikuta stoo ya mchele imepigwa kufuli, na watoto wanagawana uji mwepesi wa muhogo kwenye kopo moja. Shamsia alikuwamo, mifupa ya mabega imemtoka, miguuni ana alama za fimbo. Hasira ilimpanda Semeni, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alirudi barazani amemshika mkono. Mkurugenzi Huseni akamsogezea ripoti iliyokwisha kupigwa chapa.

"Bi mkubwa, mtoto haondoki bila utaratibu."

"Utaratibu upi, mwanangu? Wa kukaguliwa na uliowalisha?"

Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Penye nafasi ya sahihi akaandika kwa herufi zake kubwa: SIKULA. NIMEONA. Akaondoka na mtoto. Wale wanne walinawa mikono, wakatia sahihi zao.

Magharibi, nyumbani kwake, alipakua wali wa kufuturu, akamwekea Shamsia sahani yake. Mtoto akaukodolea macho, mikono kaificha nyuma.

"Kula, mama."

"Bibi," akauliza, "wageni wanafika saa ngapi?"