Mama ana joto la dawa, shangazi akaamua kumfukiza

Wakuu habari za humu, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni wa kusoma na kupita kimya kimya, ila hili limenishinda. Siongezi chumvi.

Tunaishi Kerege. Mama alitibiwa saratani ya titi, sasa anameza vidonge vya homoni ili isirudi. Vidonge vina zawadi yake: joto. Amekaa zake anachambua mchele, ghafla uso unawaka, jasho linamchuruzika, kanga imelowa chapachapa. Kidogo tu, anatetemeka kwa baridi.

Shangazi, dada yake baba, bingwa wa mtaa asiye na cheti, akatoa majibu bila kipimo.

"Wifi, hiyo homa imejificha ndani. Itolewe."

Akachemsha mwarobaini na mchaichai, akamfunika mama blanketi juu ya sufuria. Yaani mtu analalamika joto, anatibiwa kwa mvuke. Sayansi ya hali ya juu.

Mama akatoka hoi.

"Umeona jasho hilo? Homa inatoka!" shangazi akashangilia.

"Wifi, hivi vidonge ndivyo vinavyonitesa. Naviacha."

"Viache, mwaya."

Mimi nikawaza. Joto linamtesa, sawa. Lakini ile saratani ikirudi?

Siku ya kliniki nikamsindikiza. Daktari, kijana wa kiume, akauliza, "Mama, unaendeleaje?"

"Alhamdulillah, salama kabisa, mwanangu."

Salama kabisa! Mama zetu wa Pwani hata nyumba ikiungua watajibu salama kwanza, moto utatajwa baadaye. Na mambo ya maungo mbele ya mwanamume? Thubutu.

Nikasikia sauti: "Dokta, si kweli. Anawaka joto, anataka kuacha vidonge." Kumbe ni mimi. Mama alivyonitazama, ningekuwa kuku ningeshachinjwa.

Daktari wala hakushtuka. Joto hilo ni la vidonge, asiviache bila kumwambia. Avae nguo nyepesi za pamba, maji baridi na pepeo viwe karibu, apunguze pilipili na chai ya moto. Likizidi, zipo dawa za kulipunguza, atamwandikia. Na kujifukiza ndiyo basi tena.

Joto bado linakuja, ila si kama mwanzo. Chai anaisubiri ipoe, huku kanuna kama kafiwa. Shangazi kasusa.

Jana mama kaniambia, "We mtoto huna haya kabisa."

Kisha akanyoosha mkono nimpe kidonge chake.

Funzo: ukimpeleka mgonjwa kliniki, usiende kubeba mkoba tu. Akificha, sema wewe.

Wenye wagonjwa wa hivi, nyie joto mnalipoozaje? Mwageni uzoefu, nasoma zote.