Ndege Zilizoanguka Chumbani Kwetu

Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambulia pamba zaidi ya miaka thelathini, akatoka na vidole vyote kumi. Kwa kazi ile hilo si jambo dogo. Hapa Bariadi wapo wenzake wanaokusalimu kwa vidole vitatu. Alipostaafu aliweka meza barazani, akawa anatengeneza cherehani za watu. Aliujivunia mkono wake kuliko alivyojivunia watoto, na watoto wetu si wabaya.

Kompyuta ililetwa na mtoto wetu wa Mwanza. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuendesha ndege kubwa ya abiria, na kijiti cha kuiongozea kinachosimama mezani. Mzee alijifunza kuruka, akajifunza kutua, ikafika mahali anatoka Mwanza mpaka Dar es Salaam kabla ugali haujaiva. Mimi sikupenda. Ulikuwa wakati wa palizi na shamba letu liko Zagayu. Pamba haipaliliwi na mtu aliye angani.

Wajukuu walikuja Krismasi, wakacheza michezo yao, wakaondoka. Baada ya hapo ndege zikaanza kuanguka.

Zilianguka vibaya. Ndege inakwenda vizuri, inakaribia uwanja, mara pua inainama na kuchimba ardhi. Mzee anabaki ameduwaa mbele ya kioo. Mimi nikipita na ndoo namuuliza, "Leo umezika wangapi?"

"Wote."

"Basi kaoge, mchimba makaburi, uje kula."

Nilirudia utani huo kila siku. Mwanzoni alicheka.

Alilitafuta kosa kama anavyotafuta ugonjwa wa mashine. Alichukua daftari, akaandika kila ndege ilipoangukia, mwendo wake, na alichokuwa amekishika. Alibadili kitu kimoja kimoja, maana alisema ukibadili viwili kwa mpigo hujui kipi kilikuwa kibaya. Alibadili ndege. Aliondoa mvua na upepo. Alipunguza abiria, kisha akapunguza mafuta. Alikifungua kijiti chake kwa bisibisi, akakipangusa vumbi kwa brashi ya cherehani, akakifunga. Ndege ikaanguka.

Jioni moja alinionyesha daftari. Ndege ikijiendesha yenyewe haikuwa na shida. Akiishika yeye ili atue, inaanguka. Isipokuwa Jumapili. Jumapili zote alitua salama.

"Unaona?" akasema. "Jumapili nimepumzika. Siku nyingine nimetoka kushika spana. Mashine haijui Jumapili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mbovu ni mkono."

Nikamwambia asiniletee uzee wake kabla palizi haijaisha.

Kesho yake alimpigia simu mjukuu wetu anayesoma chuo huko Mwanza. Simu aliiweka sauti kubwa, nami nilikuwa pale pale nabangua karanga.

"Shikamoo babu. Umeua tena?"

"Marahaba. Nimeua."

"Babu, hapo nyuma hakuna kidude kingine kimechomekwa? Vikiwa viwili vinagombana. Wewe unavuta huku, chenyewe kinavuta kule."

Mzee akanigeukia. "Mama, hawa watoto waliacha kitu hapa?"

"Mimi na mambo ya waya wapi na wapi?" nikamjibu.

Akamwambia mjukuu hakuna. Aliniamini, maana chumba kile nakifagia mimi.

Sasa nieleze ukweli. Watoto waliacha kidude chao cha kuchezea, chenye vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Kilikuwa kinaning'inia na waya wake. Sipendi vitu vinavyoning'inia. Nilikiweka kwenye rafu nyuma ya kompyuta, nikalaza juu yake furushi la vitenge vyangu, vya harusi, vya misiba na sare za akina mama wa kanisani. Waya sikuuchomoa, kwa sababu niliambiwa nisiguse waya wowote.

Mzee alipotoka kwenda kuoga niliingia chumbani, nikalinyanyua furushi. Kijiti kimoja kilikuwa kimelala mbele, kimekandamizwa. Nikafahamu na habari ya Jumapili pia. Kila Jumapili nalishusha furushi kitandani nichague cha kuvaa, na silirudishi mpaka jioni.

Nilisimama pale nimelishika. Nilisikia maji yakimwagika bafuni. Kisha nikalirudisha furushi pale pale, juu ya kile kidude.

Sikuwa na nia mbaya, lakini nia niliyokuwa nayo haikuwa nzuri. Nilisema moyoni, acha zianguke, atachoka, atakuja shambani. Na kweli alikuja. Wiki ya kwanza alipalilia mistari mingi kuliko mimi. Nilifurahi. Nilimpikia kuku.

Wiki ya pili alikataa kunipakia kwenye pikipiki yake kwenda shambani. "Panda bodaboda," akasema. "Mkono huu usije ukakuangusha." Nikapanda bodaboda.

Wiki ya tatu jirani alileta cherehani yake barazani, akamwamkia babu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka guku. Sindano inaruka nyuzi."

Mzee hakuigusa. "Mpelekee kijana wa sokoni," akasema. "Mimi mkono umekwisha."

Jirani alicheka akidhani ni mzaha. Akanitazama mimi nimsaidie kucheka, nikainamia karanga zangu.

Asubuhi iliyofuata yule fundi kijana wa sokoni, aliyefundishwa kazi na mume wangu mwenyewe, alikuja kuchukua sanduku la vifaa. Spana, koleo, bisibisi, vyote. Mzee alimkabidhi kwa mikono miwili. Nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilisubiri kijana apotee kwenye kona ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Mzee, njoo chumbani."

Nililinyanyua furushi mbele yake. Alikitazama kidude. Aliufuata waya kwa kidole mpaka ulipochomekwa, akauchomoa. Halafu akaketi, akaruka kutoka Mwanza, akazunguka juu ya ziwa, akarudi. Alitua bila ndege kudunda hata kidogo.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Siku ile ya simu."

Alihesabu. "Wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Uliniona nikimkatalia jirani?"

"Nilikuona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilimwambia twende sokoni tukarudishiwe vifaa, akasema kitu alichompa mtu kwa mikono yake hakirudii. Basi nikaenda peke yangu. Nilimweleza yule kijana jambo lote mbele ya wateja wake, maana nilijiambia nikianza kuchagua pa kusemea sitasema. Wateja walicheka sana. "Bibi ameangusha ndege kwa vitenge!" Kijana hakucheka. Alinitwisha sanduku kichwani, akasema, "Mayu, mama yangu, mwalimu wangu alilia aliponipa hivi vitu. Niligeuka nisimwone."

Nilitembea na mzigo ule mpaka nyumbani, nikautua barazani. Mzee aliupokea. Cherehani ya jirani aliitengeneza mchana ule ule.

Lakini mtu akishaaminishwa kwamba mkono wake ni mbovu, huwezi kuja kumwambia ulikuwa uongo ukadhani umemaliza. Siku hizi, kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, ananyoosha vidole hewani na kuvitazama. Akitaka kujua kama vinatetemeka, anamuuliza mteja. Mimi nimeketi hapo hapo, hatua mbili, macho ninayo, na mkono wake nimeujua tangu ujana wetu. Haniulizi.