Tairi Zisizo na Meno

Baba yangu alisikika kabla ya kuonekana. Baiskeli yake ilikuwa na tairi nene zenye meno makubwa ya mpira, yaliyotengenezwa kung'ata udongo wa mlimani, na kila zilipokanyaga lami zilitoa mvumo mmoja mrefu, vuuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Sisi watoto wa kilima chetu, huku Mwakiro, tulichunga mbuzi pale chini ambapo njia ya udongo inakutana na barabara kubwa, au tuseme tulijifanya kuchunga. Mimi ndiye niliyeinua kichwa kwanza. "Baba huyo!" Wenzangu wakatazama barabara, hakuna kitu. Wakaanza kunicheka. Halafu kofia yake inachomoza kwenye kona, kisha mabega, kisha gunia la sabuni au chumvi alilotoka nalo mjini Muyinga. Waliniona kama mtoto mwenye dawa kidogo. Sikuwa na dawa yoyote, nilikuwa na masikio tu, na baba mmoja niliyempenda sana.

Ile baiskeli haikuwa ya kawaida kwetu. Ilikuwa ya milimani, ya wazungu wa michezo, yenye gia nyingi na fremu nyepesi. Baba aliachiwa na mgeni mmoja kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, siku mgeni yule alipomaliza kazi yake. Tuliporudi Burundi ilipanda lori pamoja na masufuria na mabati yetu, na Baba akamwomba fundi aifungie keria ya chuma kwa bolti ili ibebe mzigo kama baiskeli yenye akili. Tulipofika kilimani tulikuta nusu ya shamba la babu inalimwa na jirani, mzee Nyabenda. Hakuwa mwizi. Alikuwa amelilima tangu ujana wake na hakuwa na mahali pengine. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo ugomvi unapokuwa mgumu kweli. Watu wa kilima walituita "wale wa Tanzania", na tulikaa pembeni kidogo, kama kiti cha mgeni.

Nieleze jambo moja, maana habari yote inasimama juu yake. Kwetu kila kilima kina ingobyi, machela ya mianzi iliyosukwa kama kitanda chenye kingo. Mtu akizidiwa, wanaume wanne wanamweka humo, mabegani, wanashuka naye kilima mbio huku wengine wakifuata kuwapokea. Kila nyumba ina zamu yake ya kubeba. Sisi hatukupewa zamu. Na asiyebeba habebwi. Baba alikuwa akisema, huku akiipiga keria kofi, "Ingobyi yetu sisi ni hii hapa." Nilicheka, nikidhani ni utani.

Mwaka ule Mama aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali Gitega kwa gari, mama mdogo akaenda naye kumtunza. Alipasuliwa, akashonwa. Akiwa bado kule, mafuta yakapotea nchini. Magari yalilala kwenye foleni hadi majani yakaota pembeni ya magurudumu. Mabasi machache yaliyotembea yalijaa watu waliosimama kama njiti za kiberiti kwenye kisanduku, na hakuna dereva aliyetaka kusikia habari ya mtu wa kulazwa. Ndipo mama mdogo akapiga simu: waganga wa hospitali wamesema tumchukue, akakae nyumbani.

Niliruka juu. Kwa hesabu yangu ya mtoto, mgonjwa anayerudishwa nyumbani ni mgonjwa aliyepona. Nilifagia uwanja, nikamwambia kila mbuzi kwa jina lake kwamba Mama anakuja. Baba hakuruka. Aliketi kwenye kizingiti, akavuta gurudumu la mbele karibu, akawa anapapasa yale meno moja baada ya jingine kama mtu anayesali rozari. Mama alikuwa amemwambia neno moja tu kwenye simu, na nilimsikia Baba akilirudia chini kwa chini: "Nipeleke nyumbani, lakini usinitikise."

Tulikwenda Kobero, mpakani, ambako vitu vingi vya baiskeli huingia kutoka Tanzania. Malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu, wapagazi wamekaa kivulini, wabadilisha fedha wakipunga noti. Muuza tairi alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, wote wakimwita Papa Furaha. Aliizunguka baiskeli yetu akiguna kwa raha.

"Ee, muzee wangu! Hii iko na meno ya mamba. Unatafuta nini tena?"

"Tairi za lami," Baba alisema. "Zisizo na meno."

"Unataka kukimbiza nani? Course ya baiskeli ilishaisha!"

"Nataka kubeba mgonjwa. Kutoka Gitega."

Papa Furaha aliacha kucheka. Alitazama keria, akanitazama mimi, kisha akaanza kushusha tairi kwenye vyuma.

Macho yangu yalikuwa yameshaangukia zile nyembamba. Lo, zilikuwa nzuri! Nyeusi ti, na mstari mwekundu ubavuni, kama za wale wanaoshindana barabarani na watu wanapiga vigelegele. Nilimwona Mama juu yake, kitambaa chake kinapepea, tunafika kabla chakula cha mchana hakijapoa. Nikamvuta Baba shati. Alikwenda kwa mama aliyeuza uji kando ya barabara, akaazima bakuli, akalijaza maji hadi ukingoni, akanikalisha kwenye keria na kuniwekea bakuli mapajani. "Wewe sasa ni Mama," aliniambia. "Hayo maji ni tumbo lake. Usiyasaidie."

Tulianza na tairi zetu wenyewe. Lami ikavuma, vuuuu, ule wimbo niliozoea kuusikia kwa mbali, lakini juu yake mambo yalikuwa mengine: mvumo ulipanda kwenye chuma, ukaingia mifupani, maji yakatetemeka kama yanaogopa, na kabla hatujafika lori la tatu gauni langu lilikuwa limelowa. Wapagazi hawakuacha nafasi hiyo ipite. "Binti, lori limekuomba maji?" "Muache, ni bibi arusi huyo, anaogopa kumwaga mahari!" Nilicheka nao. Baba alitazama mbele tu.

Zile nyembamba ziliingia kwenye ringi kwa shida. "Inakaa kama kofia ya mutoto kwa kichwa ya muzee," Papa Furaha alinung'unika, akipiga pampu. Zilikimbia, sitasema uongo, zilikimbia kama zimeitwa. Lakini zilikuwa ngumu kama mfupa, na kila ufa wa lami ulirusha maji juu, chwa, chwa, hadi nusu ya bakuli ikabaki barabarani.

"Lakini atafika haraka, Baba," nilimbembeleza.

"Mama yako hakusema haraka."

Za mwisho zilikuwa na sura mbaya. Pana karibu kama zetu, za kijivu kwa kuanikwa juani, laini, zina mikwaruzo myembamba tu kama kiganja cha mkulima. Papa Furaha hakuzijaza upepo wote. "Acha kidole kiingie kidogo," alisema. "Upepo ikiwa mingi, mugonjwa atalia." Tukaondoka. Maji yaliinama upande mmoja, yakainama upande wa pili, yakatulia. Tulipita malori yote, tukageuka, tukarudi, na hata wapagazi waliinuka kuangalia. Baba alisimamisha baiskeli, akainama kutazama ndani ya bakuli, uso wake ukionekana mle majini. Ndipo nilipogundua kwamba baiskeli haikutoa mvumo wowote.

"Na kilima chetu?" nikauliza.

Papa Furaha ndiye aliyejibu, akifuta mikono. "Ukweli ni huu, muzee. Kwa lami, hii iko kitanda. Kwa matope, ni sabuni juu ya sabuni. Haikamate kitu." Naye alitaka zile za meno kama malipo, kwa sababu watu wa milimani walikuwa wakizitafuta. Kwa hiyo tungeondoka na moja tu: barabara au kilima. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Baba siku ile alichagua kama mkulima aliyebakiwa na msimu mmoja. Alibandua macho yake kwenye zile za meno, akasema, "Barabara ni ndefu. Kilima nitasukuma. Mungu asilete mvua tu."

Alipokwenda Gitega nilikaa njia panda nikingoja. Siku ya kurudi kwao, mvua ilianza adhuhuri, ile mvua nene inayopiga migomba makofi. Nilisimama chini ya jani la mgomba nikitega sikio barabarani. Nilingoja nyuki wangu waanze, nikiwa nimezisahau zile tairi za kijivu. Hawakuanza, nikafikiri bado wako mbali, nikaokota kokoto nikacheza. Nilipoinua macho walikuwa wameshafika mbele yangu, kimya kabisa, kama walioletwa na ndoto. Mama alikuwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa Baba, kama mtoto. Shavu lake lilikuwa limelala kwenye shati la Baba lililolowa. Alifungua macho, akaniona, akatabasamu.

"Devota wangu. Sikuisikia barabara, hata kidogo."

Kisha tukageukia kilima. Udongo mwekundu ulikuwa umeshakuwa uji. Gurudumu la nyuma lilizunguka papo hapo, likaserereka kando. Baba alishuka, akamfunga Mama vizuri kwenye keria, akasukuma. Hatua moja juu, mbili chini. Mimi nilisukuma keria kutoka nyuma, miguu yangu ikikimbia bila kwenda popote. Mama hakulia, alikuwa anauma upindo wa kitenge, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Mwishowe Baba alipiga magoti matopeni, bega lake likizuia gurudumu lisirudi, mikono yote miwili imeshika fremu, na nikamsikia akisema, si kwangu wala kwa Mama, "Hapa tu. Umenifikisha, usiniache hapa tu." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akiomba kwa sauti ile. Niliacha keria, nikakimbia mahali nilipokatazwa kwenda.

Mzee Nyabenda alikuwa mlangoni kwake akimenya maharage na mkewe.

"Mtoto wa wale wa Tanzania," alisema. "Umeona chui?"

"Mama yuko chini. Baiskeli inateleza."

"Baba yako amekutuma?"

"Hapana. Akijua atanipiga."

Aliitazama mvua, akamwaga maharage yaliyokuwa mapajani. "Basi atatupiga wote. Mama watoto, niletee kofia. Na uwaite wale vijana, waje na ingobyi."

Baba alipowaona wakishuka alijaribu kusimama, akaanza kusema, "Nyabenda, mimi sina..."

"Nyamaza. Shamba halina miguu. Tutaligombania likikauka."

Wakamfungua Mama, wakamlaza kwenye mianzi, wakamfunika kwa turubai, wanne wakainua pamoja. Kijana mmoja wa mbele alishtuka. "Mbona mwepesi hivi? Nimebeba magunia matupu mazito kuliko..."

"Funga mdomo," Nyabenda alimkatiza, chini chini. "Mtoto yuko hapa."

Hapo ndipo hesabu yangu ilipovunjika. Nilipanda nyuma yao kilima kizima nikiwatazama visigino, na Baba nyuma yangu akisukuma baiskeli isiyo na mtu, na nilijua kile ambacho yeye alikijua tangu pale kwenye kizingiti. Mama alikaa nasi hadi maharage ya mvua ile yalipotoa maua. Aliondoka asubuhi, mlango ukiwa wazi, akitazama migomba yake.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninashona nguo karibu na soko la Gitega. Shule yangu iliishia msingi, lakini cherehani haiulizi cheti. Mafuta yamekosekana tena, na foleni ya magari hupita mbele ya mlango wetu. Safari hii watu wanangoja wakiangalia simu, hiyo ndiyo tofauti. Baba na Nyabenda bado hawajakubaliana mpaka, wanatukanana kila msimu wa kulima. Ila Baba ana zamu yake ya ingobyi, na bega lake limeota sugu kama ya wenzake. Tairi za kijivu hazijatoka kwenye baiskeli ingawa siku hizi haendi tena lami. Kila masika anateleza pale pale, na kila masika Nyabenda hushuka kumsukuma, akimwuliza ni mjinga gani aliyemchagulia tairi hizo.

Mimi bado naota, siachi. Kwenye karatasi za kukatia nguo nachora kigari cha kuvutwa na baiskeli, chenye godoro, tairi zake pana na laini, na nyuma nimetundika jozi ya pili, za meno, kwa ajili ya kilima. Wenzangu wa cherehani wananitania: "Fundi, hilo gauni lina magurudumu?" Nawaambia ndiyo, ni la mama yangu. Pengine baiskeli yenye meno hupita nje ikivuma, nami nainua kichwa kabla sijajizuia. Na nikipanda keria ya mtu, mahali popote, mikono yangu hukaa mapajani imekunjwa duara, imetulia, isije ikamwaga maji.