Kuonja Uji wa Panya

Nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kumpa mtu chakula bila kukionja kwanza mbele yake, ili mlaji ajue hakikutiwa kitu. Tabia hiyo nikaenda nayo kazini, na kazini kwangu walaji walikuwa panya.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, kwenye kituo cha utafiti nje ya mji wa Shinyanga. Pamba ilikuwa tele, na watoto wenye utapiamlo nao walikuwa tele, ndipo ikaja hoja ya kutia unga wa mbegu za pamba kwenye uji wao. Kwanza walishwe panya weupe. Mimi ndiye niliyepika uji huo, na kila asubuhi kabla ya kuugawa nilionja kijiko. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilikuwa na mimba changa nilipomwuliza mtaalamu wetu tunatafuta nini hasa, maana panya walikuwa wamenona na yeye bado hajaridhika. Akanieleza kwa utulivu kwamba mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili. Wameipunguza, ila hawajui kama iliyobaki inaharibu mbegu ya uzazi. Mlaji anaweza kuwa mzima kabisa, kasoro ikatokea kwa mwanawe.

Nikamwambia habari ya kijiko. Hakucheka wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinikataza kuonja tena, basi.

Kuanzia hapo kila panya aliyezaa nilimwendea mbio. Nilifunua majani makavu, nikageuza vichanga vile vyekundu kimoja kimoja, nikitazama vidole, mkia, mdomo. Vilikuwa vizima. Nyumbani mume wangu alidhani ni uchovu wa mimba, akaninunulia samaki, sato mnono.

Binti yangu alizaliwa mzima, analia kwa hasira. Nilimbeba hadi kituoni kwa furaha. Mtaalamu akamfunua, akamkagua kama nilivyokuwa nikikagua panya, akatabasamu.

"Hongera sana, mama," akasema. "Ila kwa panya tunasubiri hadi wajukuu."

Alikuwa anazungumzia kazi yake. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, nikamchukia mtu yule kwa miaka.

Binti alikua, akaolewa na mchimba dhahabu wa Geita, akajifungulia huko. Nilipokabidhiwa mtoto sikuuliza ni wa kike au wa kiume. Nilifungua khanga.

"Mayu, mama yangu, unahesabu nini?" binti akauliza.

Sikumjibu mpaka nilipofika kidole cha mwisho.