Aliyekuwa Safarini

Chuoni nilichukua somo la fasihi za kale za dunia kwa udadisi tu, na udadisi ni ugonjwa niliozaliwa nao. Tulisoma mashairi ya vita ya watu waliokufa zamani, mashujaa wakisifiwa silaha zao mpaka unachoka. Siku moja mhadhiri akatuuliza, "Na huko majumbani mwao, nani anawangojea?" Akatutuma kila mmoja akatafute kwao hadithi ya vita, tuje tuiweke kando ya hizo za kale.

Likizo iliangukia Shaabani. Nilishuka Kibiti, nikapanda bodaboda hadi kijijini kwa bibi, mama yake baba. Nilimkuta anapeta mchele. Nikamwambia nimefuata vita vya Maji Maji.

"Mke mwenzangu," akasema, "nauli yote hiyo waja kutafuta vita? Dar vimekwisha?"

Nilicheka, lakini sikumwachia. Baba aliwahi kuniambia kwamba kaka wa baba yake bibi alikwenda vitani, ingawa jina hakunitajia. Aliniambia pia kwamba kila Shaabani, tunapowaombea dua wazee wetu waliotangulia, huyo hamo. Nilishajipa jibu la kisomi: alikunywa maji ya mganga, basi watu wa dini wakamtenga. Nikamweleza bibi hivyo, tena kwa kujiamini.

Bibi akaweka ungo chini. Alikasirika.

"Nani kamtenga? Kila mwaka twamwombea, nawe waitikia amina!"

Baada ya marehemu, dua yetu huwageukia walio safarini, Mungu awarudishe salama. Bibi ndiye humtajia mwalimu wa madrasa majina yao, na moja nilidhani ni la binamu fulani aliyeko Lindi. Kumbe ndiye huyo. Alivuka Rufiji na wenzake kwenda Umatumbini, akiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari za kifo. Mama yake akakataa katakata asisomewe hitima: mwanangu kanywa dawa, risasi haimpati, yuko njiani. Alipokaribia kufa alimwusia mjukuu wake, ndiye huyu bibi yangu, asimtoe kwenye wasafiri.

"Hao wa vitabuni mwenu," bibi akauliza, "wanarudi?"

"Wachache, bibi. Wengi hufia huko huko."

"Mama zao huambiwa?"

"Huambiwa. Hulia, wakazika."

"Wana bahati," akasema.

Nikamwahidi kwamba yeye asipokuwepo, mimi nitamtaja msafiri wake.

Bibi akaokota chuya moja, akaitupa. "Hapana. Nilirithishwa kungoja nikiwa mtoto, sikujua uzito wake. Wewe sikurithishi."

Siku ya dua tulikaa mkekani, ubani ukifuka. Bibi alitaja marehemu wetu mmoja mmoja, na kabla mwalimu hajainua mikono akasema, "Bado mmoja." Akalitaja lile jina. Mwalimu alikuwa mgeni kijijini, hakujua lolote. Akampa pole, akamuuliza kwa upole huyo amefariki lini.

"Leo," bibi akajibu, akajifunika kanga usoni, akalia.